Baraza la Wavu au Chumba cha Vioo?



Mpunga umekwisha kuingia ghalani, waliojaaliwa ziada wamekwisha kuuza, na kama ilivyo ada katika bonde letu la Kilombero, huu sasa ni msimu wa mafundi. Apitaye mitaa ya Michenga ataona marundo ya mchanga mbele ya nyumba, tofali za kuchoma zilizopangwa pembeni, na mabati yanayosubiri kupandishwa kabla mvua hazijarudi.

Swali lililotufikia mara nyingi mwaka huu halihusu kujenga nyumba mpya. Linahusu kuongeza. Mwenye nyumba ana baraza lililo wazi, paa limekwisha kupita juu yake, na mkononi ana fedha za kiasi. Je, alizungushie wavu wa mbu na kuliacha lipitishe hewa? Au apandishe kuta, atie madirisha makubwa ya vioo na aluminiamu, apige dari, na ajipatie chumba cha kukaa mwaka mzima, iwe masika au kiangazi?

Huenda msomaji akashangaa: wavu na vioo vinahusu nini ukurasa wa familia? Tunajibu kwamba jambo la ujenzi likiharibika halibaki kwa fundi. Humalizikia mezani kwa kamati za misikiti yetu, likiletwa na mume na mke wasiosemezana, na warithi wanaodaiana, na majirani waliozibiana upepo. Ni nafuu kulizungumza kabla msingi haujachimbwa.

Tutaeleza kisa kimoja, bila ya kuwataja wenyewe. Mume na mke wa mtaani kwetu walikuja kutaka ushauri. Mume alitaka chumba cha vioo, ili mgeni apate mahali pa heshima, vumbi la barabara lisiingie, na runinga itoke katika chumba cha ndani. Mke alitaka baraza la wavu. Hoja yake ilikuwa mama mkwe wake, ambaye hukaa barazani tangu Alasiri hadi Isha kwa sababu ndani kuna joto, na wajukuu humzunguka wakisoma juzuu zao. Masika iliyopita wajukuu wawili waliugua malaria, na bibi mwenyewe akalazwa. Fedha zilizokusudiwa zilitoka kwa wote wawili: sehemu ni mauzo ya mpunga wa mume, sehemu ni mauzo ya shamba alilolima mke kwa mkono wake. Na nyumba yenyewe iliachwa na marehemu baba wa mume, na mirathi yake haijagawanywa.

Katika kisa hicho kimoja yamo karibu mambo yote ambayo familia inapaswa kuyapima. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Baraza ni nini kwetu

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Neno baraza ni mahali pa kukaa nje ya nyumba, na ni neno hilo hilo tunalolitumia kwa mkutano wa watu wanaoshauriana. Tunalo Baraza la Mawaziri, na tangu mwaka 1968 tunalo Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Wazee wetu waliona kwamba mahali ambapo jirani anaweza kuketi bila ya kualikwa ndipo mahali ambapo mambo husuluhishwa.

Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na miji mingine ya pwani, mwenye nyumba alijenga daka mlangoni, lenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni asiyekuwa maharimu alipokewa hapo, akanywa kahawa yake, akamaliza shughuli yake, na watu wa ndani wakabaki katika stara yao. Ndani zaidi palikuwa na kiwanda, uwanja wa wazi ulioleta mwanga na hewa kwa wanawake na watoto bila ya macho ya njiani kuwafikia. Hapakuwa na umeme, na watu waliishi katika joto la pwani kwa kupangilia vivuli na njia za upepo.

Kwa hiyo anayelifunga baraza lake ajue anachokiondoa. Anaondoa mahali ambapo mgeni angepokewa kabla ya kuingia faragha ya nyumba. Katika Suratun-Nur tumefundishwa kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Baraza humrahisishia mgeni adabu hiyo, na humrahisishia pia mwenyeji ambaye siku hiyo nyumba yake haiko tayari kwa mgeni.

Vioo vilikotoka

Chumba cha vioo si jambo baya. Kilizaliwa katika nchi zenye baridi kwa haja ya kweli. Ulaya ya karne ya 17, matajiri walijenga majumba yenye madirisha makubwa ili miti yao ya michungwa isiuawe na baridi ya kipupwe. Lililo mashuhuri kati ya hayo ni lile la Versailles, Ufaransa, lililojengwa kati ya mwaka 1684 na 1686. Baadaye watu nao wakapenda kukaa humo, kwa kuwa katika nchi ambayo jua ni adimu kwa miezi mingi, chumba kinacholinasa jua ni neema.

Sisi michungwa yetu inazaa uani bila ya kujengewa chumba. Haja yetu ni kinyume cha haja yao. Mwanga wa jua hupenya kioo kwa urahisi. Ukigonga sakafu na viti hugeuka kuwa joto, na joto hilo halitoki kwa urahisi kupitia kioo kile kile. Ndiyo maana gari lililofungwa vioo na kuachwa juani huwa kama tanuri. Chumba cha vioo kisicho na kivuli cha kutosha hufanya vivyo hivyo.

Ifakara iko takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba huelemea kaskazini, na miezi iliyobaki huelemea kusini. Maana yake kwa mjenzi ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingwa vizuri na paa lililotokeza nje, kwa kuwa mchana jua huwa juu sana. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi haukingwi na paa, kwa kuwa asubuhi na jioni jua huja kwa chini. Kioo kinachotazama magharibi kitapokea jua tangu Alasiri mpaka Magharibi, yaani saa zile zile ambazo familia ingependa kukaa humo.

Na joto la bondeni lina unyevu. Mwili hupoa kwa jasho kukauka, na jasho katika hewa yenye unyevu halikauki bila ya upepo. Chumba kilichofungwa, kwa hiyo, kitadai feni, na baada ya feni kitadai kiyoyozi. Feni ya dari hutumia takriban wati 60 hadi 75. Kiyoyozi kidogo kinapofanya kazi hutumia takriban wati 800 hadi 1,000. Saa moja ya kiyoyozi, basi, hula umeme ambao feni ingetumia kwa zaidi ya saa kumi. Fundi hukupa bei ya kujenga, lakini bei ya kukaa humo utaisoma kwenye luku kila mwezi.

Mbu na saa za jioni

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Mji wetu wa Ifakara unajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Maabara ya watafiti kutoka Uswisi ilianzishwa hapa mwaka 1957, nayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazee wengi wa Kilombero na Ulanga walinunua vyandarua vilivyoitwa Zuia Mbu katika mradi uliofanyika katika wilaya hizi mbili. Watoto 6,706 waliozaliwa humu kati ya mwaka 1998 na 2000 walifuatiliwa hadi utu uzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022: waliolala mara nyingi ndani ya chandarua utotoni waliishi kwa wingi zaidi kuliko waliolala humo kwa nadra, na faida hiyo ilidumu mpaka ukubwani. Hao ni watoto wa bonde hili, na baadhi yao leo ni wazazi wanaosoma ukurasa huu.

Lakini chandarua hukulinda ukiwa kitandani. Nani analala saa 12 jioni? Watafiti wa hapa wametazama kwa makini maisha ya jioni katika vijiji vya bonde, wakaona kwamba saa za kupika, kula na kuzungumza, kabla ya watu kwenda kulala, wengi huwa nje: jikoni, uani na barazani. Mbu wa malaria huanza kazi yao jua likizama, na wako wanaouma nje kama wanavyouma ndani. Mpunga ndio riziki yetu, na majaruba ni maji; hatuwezi kulikausha bonde. Tunachoweza ni kuweka kizuizi kati ya mbu na mtoto katika saa hizo.

Kizuizi cha wavu si jambo la kubahatisha. Mwaka 1900 madaktari wawili kutoka Uingereza, Low na Sambon, walikwenda Ostia karibu na Roma, mahali palipoogopwa kwa homa. Wakakaa msimu wote wa homa katika kibanda kilichofungwa wavu. Mchana walitembea watakako. Kabla ya jua kuzama waliingia ndani. Walivuta hewa ile ile ya kinamasi ambayo watu waliidhania kuwa ndiyo iletayo ugonjwa, na hawakuugua, ilhali majirani wao waliugua. Katika zama zetu, huko Gambia, ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, nyumba zikafungwa wavu milangoni, madirishani na katika mianya ya paa. Miongoni mwa watoto wa nyumba zilizofungwa wavu, wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12. Katika nyumba zilizoachwa vivi hivi walikuwa asilimia 19.

Nasi Waislamu tunayo mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) ya kuwaingiza watoto ndani giza linapoanza kutanda. Watu wengi huyasikia, kisha wakashindwa kuyatekeleza kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Baraza la wavu humrahisishia mzazi: mtoto ameingia ndani ya kinga, na bado anapata upepo.

Je, chumba cha vioo hakizuii mbu? Huzuia kikiwa kimefungwa. Kikifungwa kina joto, na joto likizidi watu watafungua madirisha, na madirisha yasiyo na wavu yakifunguliwa saa moja usiku mbu wameingia wote. Chumba cha vioo kisicho na wavu na kisicho na umeme wa uhakika hakikingi malaria kwa vitendo, hata kama kinakinga kwenye karatasi. Na kipo chenye hatari zaidi: jiko la mkaa. Mtu akihisi ubaridi wa Julai, au mvua ikimfukuza uani, akaingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, gesi isiyo na harufu itokayo kwenye mkaa inaweza kuwaua waliomo wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, hata kwa muda mfupi.

Stara na jirani

Wako wanaolipinga baraza la wavu kwa hoja ya stara. Hoja hii ni ya kweli na inastahili jibu. Mchana aliye ndani ya wavu haonekani vizuri na aliye nje. Usiku taa ikiwaka mambo hugeuka, aliye nje humwona kila aliye ndani. Dawa ni kulipanga mapema. Kama baraza ni la wanawake na watoto, lielekezwe uani. Kama ni la mbele, ukuta wa chini ufike futi 3 hivi, ili aliyeketi mkekani afichike, na upande wa barabara pawekwe tofali zenye matundu, mkeka wa kuteremsha au pazia jepesi. Chumba cha vioo nacho kina tatizo hilo hilo la taa ya usiku, nacho kikiwekewa mapazia mazito kinapoteza mwanga ambao ndio uliokuwa sababu ya kujengwa kwake.

Jirani naye ana haki. Nyumba zetu Michenga zinakaribiana. Ukuta mzima unaopandishwa mpakani huweza kumzibia jirani upepo uliokuwa ukimfikia chumbani, na maji ya paa jipya huweza kumwagikia msingi wake. Baraza la wavu huacha hewa ipite, lakini maji ya paa lake bado yanahitaji mfereji. Mwite jirani kabla ya fundi, mwoneshe mpaka wa kazi, na umsikilize. Nenda pia Halmashauri ya Mji ukaulize kuhusu kibali, hasa kama baraza linaelekea barabarani. Si vyema kujenga juu ya njia ya watu.

Fedha ni za nani, nyumba ni ya nani

Tuliwauliza wale mume na mke maswali mawili ambayo hawakuyatarajia.

La kwanza: fedha za mke zinaingia kwa jina gani? Mali ya mke ni yake. Hawajibiki kujenga nyumba ya mume. Akitoa kwa hiari, ni lazima ijulikane kama ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa katika kilichojengwa. Wanandoa wanaopendana huona aibu kuandika, na aibu hiyo hugeuka ugomvi siku ya talaka au ya msiba. Waliandika karatasi moja mbele ya mashahidi wawili: kiasi alichotoa mke ni mkopo, na mume atamrudishia kwa mavuno ya misimu miwili.

La pili: nyumba ni ya nani? Baba alifariki akaacha mjane, mtoto wa kiume na mabinti wawili. Mirathi haijagawanywa, kwa hiyo mtoto anayeishi humo si mmiliki peke yake. Akijenga chumba cha kudumu bila ya idhini ya wenzake, amejenga juu ya haki ya wengine. Siku ya kugawa, yeye atasema chumba ni changu, wao watasema kiwanja ni chetu, na wote watakuwa na sehemu ya ukweli. Tuliwashauri wagawe mirathi kwanza. Hilo ndilo la haki na la salama. Kwa kuwa bibi na watoto walihitaji kinga kabla ya masika, mabinti wote wawili walikubali kwa maandishi kwamba baraza lijengwe na gharama yake itambuliwe wakati wa kugawa, na tarehe ya kikao cha mirathi ikawekwa.

Hapa pia palidhihirika tofauti kati ya vitu viwili hivi. Wavu uliofungwa kwa skrubu kwenye fremu za mbao unaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Chumba cha tofali na vioo hakihami. Yeyote ambaye hajawa na uhakika wa umiliki, au anayekaa katika nyumba ya kupanga, asizike fedha katika kisichohamishika.

Kisha tukamtafuta mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza, naye ni bibi mwenyewe, mjane wa marehemu na mrithi pia. Alisema kwamba ndani ya vioo atawaona watu wakipita lakini hatazisikia salamu zao. Baada ya kauli hiyo mume hakuendelea kubishana.

Namna ya kulijenga

Kwa watakaochagua wavu, tunaweka hapa mambo ambayo mafundi wazuri huyazingatia.

Kwanza, vipimo. Chukua baraza la mita 4 kwa mita 3 lililoegemea nyumba. Pande tatu zilizo wazi zina jumla ya mita 10. Ukijenga ukuta mfupi, na juu yake ukaacha nafasi ya wavu ya mita 1.5, unahitaji mita za mraba 15 za wavu, na ziada kidogo ya kukunja kwenye fremu. Chukua hesabu hiyo hiyo ya mita 15 uende nayo kwa muuza vioo, ongeza dari, nyaya za umeme na feni, kisha uweke bei mbili hizo sambamba. Zitasema zenyewe.

Pili, wavu. Matundu yasizidi milimita 1.5. Wavu wa plastiki ni nafuu lakini huchanika kwa kucha za paka na vidole vya watoto. Wavu wa chuma huliwa na kutu katika unyevu wetu. Wa aluminiamu hudumu zaidi ukiukinga na makonde ya mpira. Ukuta mfupi ule ule unaoleta stara huukinga pia na watoto. Wavu hupunguza kasi ya upepo, kwa hiyo uweke pande zinazotazamana ili hewa ipite moja kwa moja.

Tatu, mianya. Mbu wa malaria wengi huingia nyumba zetu kupitia uwazi ulio kati ya juu ya ukuta na paa. Baraza lenye wavu mzuri ubavuni na uwazi kwenye kenchi ni sawa na mlango uliofungwa kwa kufuli na ukuta uliobomoka. Ziba uwazi huo kwa wavu, usizibe kwa saruji, ili hewa moto itoke.

Nne, mlango. Ufungukie nje na ujifunge wenyewe kwa springi. Mlango unaosubiri kufungwa na mtoto utakuwa wazi kila siku baada ya Magharibi.

Tano, maji. Wakazi wa Ifakara hawahitaji kusimuliwa Mto Lumemo unavyofurika. Sakafu iinuliwe juu ya kiwango cha maji ya uani, iwe na mteremko mdogo kuelekea nje, na paa litokeze kiasi cha sentimita 60 au zaidi. Upande wa mvua ya upepo, weka turubai la kukunja au madirisha ya mbao, ili masika isiwafukuze barazani. Hivyo baraza la wavu nalo hukalika mwaka mzima.

Sita, mbao. Mchwa wetu hawana huruma. Nguzo ziwe za tofali au saruji, au za mtiki unaopandwa hapa bondeni, na mbao nyinginezo zipakwe dawa. Fremu zifungwe kwa skrubu ili kipande kilichochanika kibadilishwe bila ya kubomoa. Kila mwaka kabla ya masika, pitisha mkono kwenye wavu wote na uzibe kila tundu.

Na chandarua cha kitandani kibaki pale pale. Baraza huongeza kinga ya jioni, halichukui nafasi ya kinga ya usiku. Kwa wale ambao msimu wa kilimo huhamia mashambani na watoto, baraza la mjini haliwasaidii huko. Wafungashe vyandarua pamoja na majembe.

Lini chumba kinastahiki

Ziko nyumba ambazo chumba ndicho jibu. Kama watoto wa kike na wa kiume waliokua wanalala chumba kimoja, nyumba hiyo inahitaji chumba cha kulala kabla ya baraza, na chumba hicho kiwe cha ukuta wa kawaida na madirisha yenye wavu, si cha vioo. Kama yupo mgonjwa anayehitaji faragha, au mama anayeshona kwa ajili ya riziki na vumbi linamharibia kazi, chumba kina sababu. Hata hapo, vioo viwe vichache, vitazame kaskazini au kusini, na kila dirisha liwe na wavu wake.

Kama sababu pekee ni kwamba fulani wa mtaa wa pili amejenga, tunawakumbusha kwa upole kwamba israfu haipimwi kwa wingi wa fedha tu. Hata kidogo kikitumika pasipohitajika, huku ada ya shule ya mtoto haijalipwa, ni israfu.

Na ipo njia ya kati. Jenga leo msingi imara na nguzo zinazoweza kubeba ukuta, ufunge wavu. Mirathi ikigawanywa, familia ikiongezeka, Mwenyezi Mungu akikunjua riziki, upande mmoja utaweza kujengwa bila ya kubomoa kitu. Aliyeanza na vioo hana njia ya kurudi isipokuwa kuvunja.

Ushauri wetu

Kabla ya kumwita fundi, fanyeni jambo moja dogo. Kwa siku saba, mtu mmoja wa nyumba aandike katika daftari: nani alikaa barazani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na kwa nini aliondoka. Aliondoshwa na jua? Na mbu? Na mvua? Na macho ya wapita njia? Mwisho wa juma kaeni pamoja, mume, mke, wazee na watoto wakubwa, mlisome daftari hilo. Jengeni dhidi ya kile kilichowaondosha watu mara nyingi zaidi. Kwa nyumba nyingi za Michenga tunazozijua, itakuwa ni mbu na joto, na kwa mawili hayo wavu ndio jibu.

Tunamwomba Allah (s.w.) azijaalie nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu, awape afya watoto wetu na wazee wetu, na atuepushe na dhuluma katika mali za warithi.

Wabillahi tawfiq.